Jibu kwa msomaji: Nimwandike vipi mama aliyekuwa mke, mzazi na mtaalamu?

SWALI: Mama yetu alifariki dunia wiki sita zilizopita akiwa na umri wa miaka 67. Aliishi na baba katika ndoa kwa miaka 41, akatuzaa watoto wanne, na kwa miaka 33 alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja. Ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake, ambao utasomwa siku ya kumbukumbu yake na kuhifadhiwa kwa ajili ya wajukuu. Nimeandika kurasa mbili zinazosema kwamba alikuwa mke mwema, mama mlezi na mfanyakazi hodari, lakini nikizisoma simwoni mama. Baba anataka niandike kwamba mama alijitoa kwa ajili ya familia, kwa kuwa aliwahi kukataa cheo cha kuongoza maabara kubwa katika mji mwingine ili tusitengane. Dada yangu haitaki sentensi hiyo, kwa sababu anakumbuka kwamba mama alilia siku ile, na tena anasema tusijifanye kwamba mama alikuwa nasi kila usiku wakati alikuwa zamu. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni simu yake ya saa tatu usiku kutoka kazini, akiuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Nianzie wapi?

JIBU: Pokea pole zangu, wewe, baba yako na ndugu zako. Kazi ya kuhariri wasifu za marehemu nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kurasa zako mbili nimezisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Hakuna uongo ndani yake. Hata hivyo ninaelewa kwa nini humwoni mama yako, kwa sababu umemgawa katika aya tatu: ya kwanza ina mke, ya pili ina mzazi, ya tatu ina mfanyakazi, na kila aya ingeweza kusomwa kwenye kumbukumbu ya mwanamke mwingine yeyote bila mtu kushtuka. Mama yako hakuwahi kuishi siku moja akiwa mke tu, na siku ya pili akiwa mzazi tu. Ninachotaka kukuomba ni kwamba uache mgawanyo huo, utafute saa na mahali ambapo mambo hayo matatu yalikuwa yakitokea kwa wakati mmoja, kisha uandike kutoka hapo.

Kabla ya hapo, fanya zoezi dogo nililolifanya mimi kwenye rasimu yako. Chukua kalamu ya rangi na upige mstari chini ya kila kitenzi ambacho mtendwa wake ni mama. Nimeviona hivi: alizaliwa, alilelewa, alisomeshwa, aliajiriwa, aliolewa, alijaliwa, alihamishwa, alipandishwa cheo, alilazwa, aliitwa. Vitenzi kumi, na vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mtu aliyesimama wima kwa miaka 67 anaonekana katika karatasi yako kama mzigo uliokuwa ukipokewa na kukabidhiwa, kutoka mikono ya wazazi hadi ya mwajiri, ya mume, ya daktari na hatimaye ya Muumba. Hili si kosa lako peke yako, kwa kuwa lugha yetu imetuzoesha njia hii, na ninakutana nayo katika wasifu nyingi za wanawake zinazofika mezani kwangu; katika za wanaume huwa kuna alijenga, aliongoza, alianzisha, alioa.

Hakuna anayeweza kuja duniani isipokuwa kwa kuzaliwa, kwa hiyo kitenzi hicho kibaki. Vilivyobaki vihoji kimoja kimoja. Alisomeshwa na wazazi wake, ni kweli, lakini aliyekaa kwenye dawati ni yeye: alisoma nini, alichagua maabara kwa sababu gani, ni somo lipi lililomtesa akalirudia? Aliajiriwa, lakini kabla ya kuajiriwa aliomba kazi, na pengine aliomba zaidi ya mara moja. Aliolewa, na baba yako alioa. Je, hamwezi kusema kwamba walifunga ndoa, au, kama hadithi ya familia inaruhusu, kwamba alimkubali baba baada ya kumkatalia mwaka mzima? Alijaliwa watoto wanne, lakini baada ya kila mmoja alirudi maabara, na kila kurudi kulikuwa na tarehe yake, na kulikuwa na mtu aliyemshika mtoto asubuhi ile. Alipandishwa cheo kwa sababu ya kazi fulani aliyoifanya. Itafute kazi hiyo uiandike, na cheo kitafuata chenyewe katika sentensi inayofuata.

Sasa nirudi kwenye simu ya saa tatu. Katika barua yako umeitaja mwishoni, kama mtu anayeomba radhi kwa kuleta jambo dogo, na katika rasimu haimo kabisa. Mimi ningeanzia hapo. Katika simu hiyo moja kuna mtaalamu aliye zamu, kuna mzazi anayewaza usalama wa watoto, na kuna mke anayemwachia mumewe nyumba usiku huku akiendelea kuilinda pamoja naye kwa mbali. Nimejaribu kuiandika, na nimejaza kwa kukisia mambo ambayo wewe utayasahihisha:

"Zamu ya usiku ilianza saa mbili. Saa tatu simu ya nyumbani ililia, naye baba akaipokea. Mama aliuliza kwanza kama mlango wa nyuma umefungwa, kisha akauliza ni nani kati yetu bado hajalala, kisha akaaga, kwa sababu sampuli zilikuwa zikimngoja mezani. Mlango ulikuwa umefungwa, naye alijua kwamba umefungwa. Alipiga simu hiyo kila usiku wa zamu hadi mdogo wetu wa mwisho alipomaliza shule."

Hakuna neno "mwema" hapo, wala "mlezi", wala "hodari". Msikilizaji ataamua mwenyewe, na uamuzi wake utakuwa na nguvu kuliko sifa yoyote utakayompa mkononi. Angalia pia wakati wa vitenzi. Katika rasimu yako umependa kusema kwamba mama alikuwa akiamka mapema, alikuwa akisaidia wengine, alikuwa akipenda usafi. Mtindo huo hukusanya siku elfu kumi katika sentensi moja, na siku zote elfu kumi hupotelea humo. Chagua usiku mmoja, asubuhi moja, barua moja, uisimulie kwa "ali-" na "aka-" kama kisa kilichotokea, na hapo ndipo mazoea yake yatakapoonekana.

Aya ya kazi ndiyo iliyonisikitisha zaidi, na nadhani ndiyo iliyo rahisi zaidi kuirekebisha. Miaka 33 umeipa sentensi mbili: kwamba alifanya kazi maabara kwa bidii na uaminifu, na kwamba wenzake watamkumbuka. Mjukuu atakayesoma wasifu huu akiwa na miaka kumi na tano hatajua bibi yake alikuwa akifanya nini kwa mikono yake. Mweleze. Chukua mfano wa kazi ambayo mtaalamu wa maabara ya hospitali huifanya usiku, ya kulinganisha damu. Mwaka 1901, mjini Vienna, Karl Landsteiner alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba damu za binadamu zimegawanyika katika makundi, na kwamba damu ya kundi lisilopatana ikichanganywa na nyingine chembe zake hushikamana. Tangu elimu hiyo ilipoingia hospitalini, kabla ya mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua kuongezewa chupa moja ya damu, kuna mtu ambaye huchukua chembe nyekundu za mchangiaji na majimaji ya damu ya mgonjwa, akayaweka pamoja, akatazama kama kuna kushikamana. Akikosea, mgonjwa anaweza kufa kwa damu ileile iliyoletwa kumwokoa. Mgonjwa hamjui mtu huyo wala hamshukuru, kwa kuwa hakumwona. Kama mama yako alifanya kazi hiyo, iandike kwa urefu huo, kwa maneno ambayo shangazi asiyewahi kuingia maabara atayaelewa anapoyasikia yakisomwa.

Ili upate hayo itakubidi uwafuate waliofanya kazi naye, na ninakushauri uwafuate mapema kuliko unavyodhani. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu watakujibu kwamba alikuwa mtu mzuri sana, nanyi mtakuwa mmerudi mlipoanzia. Waulize meza yake ilikuwa upande gani. Waulize ni nani aliyemfundisha kazi, na yeye alimfundisha nani. Waulize ni jambo gani lilikwama kazini siku ambayo hakuwepo, ni kosa gani alikuwa halivumilii, na ni jina gani walilomwita wenyewe kwa wenyewe. Swali la kukwama ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana huleta jibu lenye vitu: ufunguo wa jokofu, daftari la kumbukumbu za usiku, kijana mgeni ambaye mkono wake ulitetemeka hadi yeye aliposimama kando yake.

Kuna kisa kimoja cha gazeti ambacho hukitumia ninapowafundisha wahariri wachanga, nami naomba unisikilize nikisimulie kikamilifu, kwa sababu kinagusa moja kwa moja mambo unayoyaandika. Tarehe 27 Machi 2013, mjini Princeton nchini Marekani, alifariki Yvonne Brill akiwa na miaka 88. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, na alikuwa mtaalamu wa roketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alibuni mfumo wa kusukuma setilaiti za mawasiliano ili zisiteleze na kutoka kwenye njia zake angani, na mwaka 2011 Rais Barack Obama alimvisha nishani ya taifa ya teknolojia na ubunifu. Gazeti la New York Times lilipochapisha wasifu wake, sentensi ya kwanza ilisifu pishi lake la nyama, ikasema kwamba alimfuata mumewe kutoka kazi moja hadi nyingine na kwamba aliacha kazi kwa miaka minane ili alee watoto watatu. Kisha likaja neno "lakini": lakini marehemu alikuwa pia mtaalamu mahiri wa roketi. Wasomaji wengi walikasirika, na gazeti likaubadilisha mwanzo huo katika toleo lake la mtandaoni.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kosa lilikuwa kutaja mapishi na watoto. Sikubaliani nao. Mambo hayo yalikuwa ya kweli, na mwanawe, ambaye gazeti lilimnukuu akimsifu kuwa mama bora, alisema alichokiamini. Mwanamke aliyewapenda watoto wake hapunguzwi kitu kwa kusemwa hivyo. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mpangilio na katika kile kiungo "lakini pia", kilichoifanya kazi ya maisha yake ionekane kama jambo la kushangaza lililogunduliwa baada ya sahani kuoshwa. Rasimu yako ina viungo vya aina hiyo vitatu. Umeandika "licha ya majukumu ya familia", "pamoja na kuwa mama wa watoto wanne", na "hata hivyo hakusahau nyumba yake". Kila kimoja kinadai kwamba upande mmoja wa maisha yake ulikuwa kizuizi cha upande mwingine, na wewe huna ushahidi wa hilo. Vifute vyote. Sema alifanya hili, akafanya na lile.

Kiswahili kinakupa kipimo ambacho waandishi wa lugha nyingine nyingi hawana. Ukiacha vichache kama kuoa na kuolewa, vitenzi vyetu havibagui mwanamke na mwanamume: "alirudi", "alilea", "aliongoza" ni vilevile kwa wote. Kwa hiyo chukua kila sentensi uliyoandika, futa neno "mama", weka "baba", uisome kwa sauti mbele ya dada yako. Ukiona sentensi inageuka kichekesho au inakuwa ya ajabu, kwa mfano "licha ya kuwa na watoto wanne, baba alifanya kazi kwa miaka 33", jua kwamba sentensi hiyo haikuwa ikimhusu mama yako, ilikuwa ikihusu mazoea yetu. Na kipimo hicho kifanye kazi upande wa pili pia: yale uliyoyaandika kuhusu upole wake kwa watoto, je, yangekufaa kumsifu baba? Kama yangefaa, basi ni sifa za kweli za mtu, na ziachwe.

Nimefika kwenye sentensi wanayobishania baba yako na dada yako, ambayo ni ngumu kuliko hayo yote. Neno "kujitoa" ni zuri, nami silipingi. Tatizo lake ni kwamba huchukua nafasi ya tendo lenyewe. Katika daraja la Brooklyn mjini New York kuna kibao kilichowekwa mwaka 1951 kwa heshima ya Emily Warren Roebling, kinachosema kwamba nyuma ya kila kazi kubwa kuna kujitoa kwa mwanamke. Mumewe, Washington Roebling, alikuwa mhandisi mkuu wa daraja hilo. Aliugua ugonjwa unaowapata watu wanaofanya kazi kwenye hewa yenye shinikizo kubwa chini ya mto, na kuanzia mwaka 1872 hakuweza tena kwenda mahali pa ujenzi. Emily alijifunza hesabu za nyaya na nguvu za vyuma, akapeleka maelekezo kwa wahandisi, akajibu maswali yao, akashughulika na wakaguzi, hadi daraja lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Alikuwa mke mwenye mapenzi makubwa na alikuwa na mtoto wa kiume wa kulea. Kibao kinasema alijitoa. Mtu anayepita hapo akisoma neno hilo peke yake, hataweza kujua kwamba alikuwa akikokotoa.

Kwa hiyo usiandike kwamba mama alijitoa, na pia usiandike kwamba alinyimwa haki. Andika lililotokea. Kama barua ya cheo bado ipo katika makabrasha yake, itafute, uone tarehe. Kisha mwambie baba yako akusimulie siku zile, polepole, bila kumharakisha kwenye hitimisho: mama alimwonyesha barua lini, walizungumza mara ngapi, je, yeye baba alifikiria kuhama, nani alisema neno la mwisho? Halafu andika kitu kama hiki: "Alipewa nafasi ya kuongoza maabara kubwa zaidi katika mji mwingine. Alikaa na barua hiyo kwa siku kadhaa, kisha akaandika kwamba hataenda, ili sisi sote tubaki nyumba moja. Siku aliyoipeleka, alilia. Kesho yake aliingia zamu." Baba yako atasikia humo mapenzi, dada yako atasikia gharama yake, na hakuna kati yao atakayeweza kusema kwamba umedanganya. Sentensi hiyo haihitaji mwamuzi. Watu wawili walioumizwa na kifo kimoja hawawezi kukubaliana juu ya maana ya tendo hilo mwezi huu, pengine hata mwaka huu, lakini wanaweza kukubaliana kwamba lilitokea.

Machozi yale yaandikwe tu ikiwa baba yako ameridhia. Yeye bado yuko hai, siku zile zilikuwa zake pia, na hakuna wasifu unaostahili kumwaibisha mjane mbele ya watu. Nikiwa na familia za aina hii huwa ninawauliza watenganishe siri na huzuni. Siri ni jambo ambalo marehemu mwenyewe alilifunga, na haki ya kulifungua hatuna. Huzuni ni jambo ambalo kila mtu wa nyumbani alilijua akanyamaza kwa adabu, na mara nyingi likisemwa kwa sentensi moja fupi watu hupumua. Ève Curie alipoandika maisha ya mama yake, mwanasayansi Marie Curie, katika kitabu kilichotoka mwaka 1937, aligusa kwa ufupi tu masimango yaliyompata mama yake magazetini baada ya kufiwa na mumewe, wala hakumtaja mtu aliyehusishwa naye. Wapo wanaomlaumu. Mimi ninaona kwamba alikuwa binti aliyeandika miaka mitatu tu baada ya kifo cha mama yake, na alijua mstari wake uko wapi.

Kuhusu dada yako na zile usiku za zamu, yuko sahihi, na hapa nitakueleza kosa langu mwenyewe. Nilipoandika wasifu wa mama yangu mzazi, niliweka sentensi kwamba "hakujua kuchoka". Niliipenda, na watu waliitikia kwa vichwa nilipoisoma. Jioni ile mama yangu mdogo aliniita kando akaniambia, bila hasira, kwamba dada yake alijua sana kuchoka. Akanisimulia kwamba mama alipofika kutoka kazini alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado mguuni, mkoba bado begani, kwa dakika kumi hivi, ndipo akainuka kuja kwetu. Sisi watoto tulikuwa tukimwona akitokea mlangoni tayari anatabasamu, nasi tukadhani ndivyo alivyokuwa tangu kazini. Zile dakika kumi zingekuwa wasifu bora kuliko kurasa zangu zote, nami nilizifuta kwa sentensi ya sifa kabla hata sijazijua. Tangu siku hiyo, nikikuta "hakuchoka", "hakulalamika kamwe" au "hakukosekana" katika rasimu ya mtu, humwomba anitafutie dakika kumi za huyo marehemu. Mwulize dada yako usiku gani hasa anaukumbuka, aliyekuwa naye ni nani, asubuhi mama alirudi saa ngapi na alifanya nini kwanza. Kutokuwepo kwake kuna saa na kuna sababu, na vikiandikwa pamoja, upungufu anaousikia dada yako na simu unayoikumbuka wewe vitakuwa kisa kimoja.

Kuna mambo machache ya kiufundi ambayo nitayapitia haraka. Neno "marehemu" limetokea mara kumi na tisa katika kurasa zako mbili, na jina lake limetokea mara moja tu, juu kabisa. Geuza hesabu hiyo. Tarehe zote zilinganishe na vyeti na barua, usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja, kwa kuwa wajukuu watazichukua kama zilivyo. Tafuta alichokiandika yeye mwenyewe, hata kama ni orodha ya matumizi ya nyumbani au daftari la kliniki ya mtoto. Marie Curie niliyemtaja alikuwa mtu wa kuandika vipimo vya maabara kwa uangalifu, na kwa uangalifu uleule alikuwa na daftari la ukuaji wa binti yake Irène, lenye uzito na meno yalivyoota, na hakuna sifa ya mtu mwingine inayoweza kuonyesha vizuri kiasi hicho jinsi mtu huyo alivyokuwa mmoja katika sehemu zote mbili. Ugonjwa wa mwisho upe sentensi tatu au nne. Miezi mitano ya hospitali isimeze miaka 67, ingawa ninajua kwamba kwa sasa ndiyo inayowajaa akilini. Kwa ajili ya kusomwa hadharani, maneno mia saba yanatosha, maana msomaji mwenye majonzi husoma polepole, na akifika dakika ya saba au ya nane sauti huanza kumtoka. Toleo la wajukuu linaweza kuwa refu upendavyo, na humo ndimo waweke wenzake wa maabara simulizi zao kwa maneno yao.

Utakapomaliza rasimu mpya, usiipeleke kwanza kwenye kikao cha ukoo. Kaa na baba yako peke yenu, jioni ambayo hakuna wageni, umsomee ile aya ya simu, kisha unyamaze. Mimi nimeandika saa tatu kwa sababu ndivyo ulivyoniandikia, na nimeandika kwamba baba ndiye aliyepokea kwa kukisia tu. Huenda ilikuwa saa tatu na robo. Huenda mama alimwuliza jambo jingine kabla ya kumwuliza habari za mlango, au baada yake, wakati ninyi mmekwisha kwenda kulala, na hilo analijua yeye tu. Chukua karatasi na kalamu, na akianza kusahihisha, andika.